Pishi, Mtungi na Kontena: Ujazo Mikononi mwa Watoto wa Mombasa

Siku za mwisho za Ramadhani, katika nyumba nyingi za Mji wa Kale kisiwani Mombasa, hufanyika hesabu isiyoandikwa ubaoni. Zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani, na pishi ni vibaba vinne. Nyumba ya watu saba hutoa pishi saba, yaani vibaba 28, na mtoto wa miaka minane aliyechutama kando ya gunia la mchele anaweza kuhesabu pamoja na nyanyake, tena akamkumbusha pale anaporuka kimoja. Kipimo chenyewe asili yake ni mkono: kibaba, ambacho vitabu vya fikihi hukiita mudi, ni kiasi kinachojaa katika viganja viwili vya mtu wa wastani vikiunganishwa. Siku hizi wengi hutumia mizani, wakakadiria kilo mbili na nusu hivi kwa kila mtu, au hununua mchele uliokwisha kufungwa dukani.

Mizani imerahisisha kazi, lakini imeondoka na swali zuri. Pishi ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Pishi ya mchele na pishi ya unga hujaza chombo kilekile, lakini ukizipandisha kwenye mizani hazilingani. Tena unga wenyewe una vituko vyake. Uliochekechwa sasa hivi umejaa hewa. Ugongegonge mkebe mezani na utashuka, ukaacha nafasi ya kijiko kimoja au viwili zaidi. Unga haukupungua hata chembe. Mtoto akiliona hilo kwa macho yake na kulihisi mkononi, ameingia katika mojawapo ya mada ngumu za hisabati ya shule ya msingi bila ya kutishwa na jina lake.

Ugumu wa ujazo una sababu. Urefu huonekana, na uzito huhisika mkono ukiinua. Ujazo una pande tatu kwa pamoja, na jicho hupenda kufuata upande mmoja tu, hasa kimo. Shuleni tatizo hilo kwa kawaida huzibwa kwa fomula: urefu mara upana mara kimo. Mwanafunzi huikariri, hupata alama zote kwenye mtihani, kisha ukimwuliza kama sufuria ya pilau ya kwao inabeba lita mbili au kumi, anakodoa macho. Kukokotoa amejifunza. Kukisia hakufundishwa, na kukisia ndiko kunakoonyesha kama mtu ana picha ya lita kichwani mwake au ana neno tu.

Mombasa ina historia yake katika kufundisha kwa vitu vinavyoshikwa, na inaanzia Liwatoni, upande wa Kilindini wa kisiwa. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa Pwani walimwomba Aga Khan msaada kuhusu elimu ya watoto wao, ambao wengi hawakuwa wakifanya vyema walipoingia shule za msingi. Mwaka 1986 chekechea ya kwanza ya mpango uliotokana na ombi hilo, iliyoambatanishwa na madrasa, ikaanza Liwatoni. Kazi ya kuwaandaa walimu ilishikwa na Bi Swafiya Said, na kutoka Mombasa mpango ukavuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, ukafika zaidi ya shule mia mbili.

Mpango wa Madrasa ulichukua sehemu ya mbinu za taasisi ya HighScope ya Michigan, Marekani, iliyoasisiwa na David Weikart, ukazifuma pamoja na mafunzo ya dini, nyimbo na hadithi za Pwani. Katika mbinu hizo mtoto hupanga atakalolifanya, hulifanya, kisha husimulia alivyofanya. Darasa hugawanywa katika pembe, na miongoni mwake ipo pembe ya mchanga na maji. Vifaa havikuagizwa ng'ambo: vifuu vya nazi, kombe za pwani, vizibo vya soda, mikebe, chupa tupu. Mwaka 2008 Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar. Waliopitia chekechea yoyote walipiga hatua kuliko waliobaki nyumbani, na waliopitia chekechea za Madrasa walipiga hatua kubwa zaidi. Utafiti huo haukupima ujazo peke yake, na itakuwa ni kuongeza chumvi kudai kwamba kifuu cha nazi ndicho kilicholeta tofauti. Hata hivyo, unaonyesha kwamba darasa lenye watoto wanaoshika vitu halipotezi wakati.

Wanasaikolojia wamebishana miaka mingi kuhusu kile ambacho mtoto anaweza kukielewa kulingana na umri wake. Jean Piaget wa Uswisi, aliyefariki mwaka 1980, alikuwa na jaribio ambalo kila mwalimu aliyepitia chuo amelisikia. Gilasi mbili za aina moja hutiwa maji sawasawa. Mtoto anakubali kwamba yanalingana. Kisha maji ya gilasi moja humiminwa kwenye gilasi nyembamba na ndefu, na mtoto wa miaka mitano hivi anasema kwamba sasa maji yamezidi. Kwa Piaget, wengi hulitambua kosa hilo wakifika miaka saba au zaidi.

Margaret Donaldson wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1978, alieleza kwamba sehemu ya tatizo imo katika kuuliza kwenyewe. Mtu mzima anauliza, "Yanalingana?" Mtoto anajibu ndiyo. Mtu mzima anamimina mbele ya macho yake, kisha anarudia swali lilelile. Hapa wazazi wa Pwani hawahitaji kuelezwa zaidi. Mtoto aliyelelewa kwa adabu akiulizwa na mkubwa wake jambo moja mara mbili, huelewa kwamba jibu lake la kwanza halikupendeza, basi hutafuta jingine. Ndiyo maana mwalimu mjanja haulizi mara mbili. Humwachia mtoto amimine mwenyewe, arudishe maji kwenye gilasi ya kwanza, amimine tena mpaka achoke, na jibu litatoka bila kulazimishwa.

Tena mazoea ya kazi huharakisha mambo. Mwaka 1969 Douglass Price-Williams na wenzake waliripoti kutoka Meksiko kwamba watoto wa wafinyanzi, waliokua wakiuchezea udongo, walikuwa wepesi kuliko wenzao kutambua kwamba donge likibadilishwa umbo kiasi chake hakibadiliki. Miaka miwili kabla, John Gay na Michael Cole walikuwa wamechapisha kitabu kuhusu Wakpelle wa Liberia, wakulima wa mpunga. Waliwaonyesha watu mchele ndani ya bakuli na kuwataka wakisie ni vikombe vingapi. Wakulima wasiokanyaga shule walikisia kwa usahihi uliowaacha mbali Wamarekani wenye elimu ya chuo kikuu. Kwa Wakpelle kikombe cha mchele kilikuwa kipimo cha biashara cha kila siku. Wafanyabiashara nao walikijua vyema, kwa maana kikombe walichonunulia kwa wakulima kilikuwa kimegongwa kitako kikabonyea nje kidogo, ili kibebe zaidi.

Ujanja wa namna hiyo haukuishia Liberia. Masokoni kwetu mkebe wa mafuta ya kupikia ukikwisha mafuta huanza kazi mpya ya kupimia maharage, unga na pojo, na ubishi mkubwa ni wa kilele. Je, mnunuzi anapewa kipimo cha mfuto, kilichofutwa juu kwa kiganja, au chenye kilele? Muuzaji akinunua hupenda kilele. Akiuza hupenda kufuta. Hili ni somo kamili la darasani, na halihitaji zaidi ya mchele, mikebe miwili na rula.

Tuchukue mkebe mwembamba wenye kipenyo cha sentimita 10 na kimo cha sentimita 12.7. Ujazo wake ni karibu lita moja. Sasa tuchukue mkebe mpana wenye kipenyo cha sentimita 14 na kimo cha sentimita 6.5. Huu nao ni lita moja. Ukiifuta yote miwili, mnunuzi hapati zaidi kwa kubadilisha mkebe. Ukiweka kilele, mambo yanageuka. Mchele hujipanga kwa mteremko wa nyuzi 30 hivi, kisha huanza kuporomoka kandokando. Kwa hiyo mdomo ukiwa mpana, kilele nacho hupanda juu zaidi. Kwenye mkebe mwembamba kilele kina mililita 75 hivi. Kwenye mkebe mpana kinapita mililita 200, karibu mara tatu. Watoto wa Gredi ya 5 hawawezi bado kukokotoa ujazo wa pia, lakini wanaweza kukikwangua kilele hicho kwa rula kikaangukia kwenye sahani, wakakipima kwa kijiko, na wakajua siku nyingine wachague mkebe gani.

Jikoni pia kuna fumbo. Wapishi wengi hupima maji ya wali kwa kidole: ncha ikigusa mchele, maji yafike kwenye kiungo cha kwanza. Mchele uwe kikombe kimoja au vinne, kiungo ni kilekile. Inawezekanaje? Maji yanayojaza nafasi kati ya punje huongezeka yenyewe mchele ukiongezeka, kwa sababu yamo ndani yake tayari. Yale ya juu hufidia zaidi mvuke unaopotea, na mvuke hutegemea upana wa sufuria na muda wa moto kuliko wingi wa mchele. Mtoto akipewa kikombe na karatasi, akaandika vikombe vya mchele na vikombe vya maji vilivyotumika kila mara, ataona kwamba uwiano haubaki uleule. Mama yake huenda akashangaa pia.

Maji ya mabomba Mombasa hayana uhakika, na kwa hilo wachuuzi wenye mikokoteni ya mitungi ya lita 20 ni sehemu ya mji. Mtungi huo ndio kipimo kikubwa ambacho karibu kila mtoto wa mjini amewahi kukijaribu kuinua, akashindwa. Ukiwa umejaa una kilo 20 za maji, mbali na plastiki yenyewe, kwa kuwa lita moja ya maji baridi ni kilo moja, na hivyo ndivyo Wafaransa walivyovipanga vipimo vyao vya metriki mwaka 1795. Ukichota maji ya bahari badala ya ya kisima, uzito unaongezeka: lita moja ina kilo 1.025 hivi, na mtungi mzima unazidi kwa nusu kilo. Tofauti hiyo mkono hauihisi, lakini mizani ya duka inaiona.

Hapa pia inafaa kuwakumbusha walimu jambo la kiuchumi. Maji yaliyonunuliwa kwa mtungi hayamwagwi sakafuni kwa jina la hisabati. Mchanga mkavu hufanya kazi hiyohiyo, hautelezi, na ukimwagika hufagiliwa ukarudi kwenye karai.

Kutoka mtungi hadi mita moja ya ujazo ni hatua ambayo vitabu huiruka kwa mstari mmoja. Darasani inahitaji fito 12 za mita moja moja na kamba za kufungia pembe. Fremu ikisimama, watoto huingia ndani mmoja mmoja hadi wajae, na kabla ya kuingia kila mmoja aandike anadhani wataingia wangapi. Kisha mwalimu anawaambia kwamba nafasi ile ingeshika mitungi 50, na kwamba maji yake yangekuwa na uzito wa tani moja. Wengi hukataa kuamini. Basi na wapange: mitungi mitupu michache, rula, na hesabu ya mingapi italala chini na mingapi itapanda juu. Watakuta kwamba mitungi 50 haiingii vizuri, maana mtungi una mpini, mabega na mapengo, na hapo swali la tofauti kati ya nafasi inayochukuliwa na chombo na kiasi kinachobebwa ndani yake linakuja lenyewe.

Swali hilohilo linapita kila saa kwenye barabara za Kilindini likivutwa na malori. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.1, upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.6 kwa nje, yaani mita za ujazo 38 hivi. Ndani lina 33 tu. Nyingine zimemezwa na kuta zenye mikunjo, sakafu ya mbao na chuma cha pembeni. Hizo 33 zingejaa mitungi 1,650, tukiyahesabu maji peke yake. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilipitisha makontena zaidi ya milioni mbili kwa hesabu ya futi 20, na hata Gredi ya 6 wanaopenda namba kubwa wataona ni busara kusimama hapo.

Ukitaka kuwaonyesha watoto kwamba ujazo una nguvu, wapeleke bustani ya Mama Ngina, ambako meli hupita karibu zikiingia na kutoka mlangoni mwa Kilindini. Meli nzito imezama, nyepesi imepanda na tumbo lake jekundu liko wazi. Ubavuni kuna duara lililokatwa na mstari, na pembeni yake mistari yenye herufi. Alama hiyo ilipiganiwa na mbunge Mwingereza Samuel Plimsoll, na sheria iliyoilazimisha ilipitishwa Uingereza mwaka 1876, baada ya mabaharia wengi kufa katika meli zilizopakiwa kupita kiasi. T ni mstari wa bahari za joto kama hii yetu, S wa majira ya kiangazi, W wa kipupwe, F wa maji baridi yasiyo na chumvi. F uko juu kuliko S, kwa sababu meli ileile yenye mzigo uleule huzama zaidi kwenye maji yasiyo na chumvi.

Kurudi darasani, karai moja, mkebe mwembamba mrefu na kalamu ya wino usiofutika vinatosha. Mkebe huelea, kokoto chache zikiwekwa ndani ili usipinduke. Watoto huongeza mchele kijiko kwa kijiko, na kila vijiko vitano huchora mstari pale maji yalipofikia. Mistari itatoka kwa nafasi sawa, kama mkebe una kuta zilizosimama wima. Wakitumia bakuli lenye mdomo mpana na kitako chembamba, mistari itazidi kukaribiana kadiri inavyopanda. Kisha chumvi humwagwa kwenye karai, nyingi, na kukorogwa. Mkebe huinuka.

Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unaruhusu yote haya, tena unayaomba. Katika gredi za mwanzo watoto hulinganisha vyombo kwa kujaza na kumimina. Baadaye huja lita, na katika gredi za juu za msingi ujazo hupimwa kwa kupanga vipande vya mchemraba kabla ya fomula. Visanduku vitupu vya kiberiti vya aina moja vinatosha kuanzia, ingawa si mchemraba kamili, na watoto wakipanga ndani ya boksi la viatu watagundua wenyewe kwamba hawana haja ya kulijaza: safu moja ya chini na kimo zinatosha. Fomula imepatikana, na hakuna aliyeitaja.

Kinachoharibu ni idadi. Darasa lina watoto wengi, mwalimu ana mkebe mmoja, basi anamimina yeye mbele na wengine wanatazama. Hiyo ni sinema. Bora makundi sita yenye vyombo tofauti, hata kama nusu ya vyombo vimeokotwa, kuliko chombo kimoja kizuri chenye alama za mililita kinacholindwa kabatini.

Kuna na swali la kupima matokeo, ambalo Kenya ililijibu kwa namna ya pekee zamani. Katika miaka ya 1960 Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika uliandaa masomo ya vitu vya karibu: mchanga mkavu, wadudu, rangi za kujitengenezea. Eleanor Duckworth, aliyekuwa mwanafunzi wa Piaget, aliletwa kuutathmini Kenya. Badala ya karatasi ya maswali, aliweka vifaa kwenye chumba, akawaingiza watoto kundi la kumi na wawili hivi, akawaacha kama dakika 40 bila ya kuwaamuru la kufanya, na watu wakaandika kila walichokifanya. Waliopitia mpango walikuwa na mawazo mengi na ya aina nyingi zaidi, na waliyafuata mbali kuliko wenzao ambao hawakuupitia.

Mwalimu wa Mombasa anayetaka kufanya hivyo kwa somo la ujazo anahitaji karai mbili, ndoo ya mchanga, mikebe ya ukubwa mbalimbali na daftari. Humo ataandika nani alikisia kabla ya kupima, nani alirudia alipoona jibu halimridhishi, na nani alitumia chombo kidogo kupimia kikubwa bila ya kuambiwa.